Namna ya Kupatanisha Mbinu za Kufundishia ili Darasa Zima Lishiriki

Mwalimu yeyote aliyepitia mafunzo ya ualimu anazifahamu mbinu za kutosha: mhadhara, maswali na majibu, onyesho, kazi ya vikundi, mjadala, igizo dhima, bungua bongo, mazoezi ya kuandika. Kinachosumbua ni kuamua ipi itangulie, ipi ifuate, ipi iachwe kabisa siku hiyo, na kila moja ipewe dakika ngapi. Wengi hulimaliza swali hilo kwa kugawa muda kwa usawa, maelezo kidogo, vikundi kidogo, maswali kidogo, wakiamini kwamba mchanganyiko wenyewe ndio unaowaamsha wanafunzi. Mchanganyiko wa namna hiyo hupendeza kwenye andalio la somo, lakini darasani huweza kuzaa shughuli nyingi na mafunzo machache.

Msimamo wangu ni kwamba mizani ya mbinu haipimwi kwa dakika. Hupimwa kwa kuuliza ni kazi gani akili ya mwanafunzi inapaswa kuifanya kwa wakati huo, na ni mbinu gani itamfanya kila mwanafunzi aliyemo darasani aifanye, pamoja na yule aliyeketi nyuma asiyenyoosha mkono kamwe. Mbinu ibadilishwe pale kazi hiyo inapobadilika, hata kama saa haijasema lolote.

Jaza kwanza safu ya mwanafunzi

Andalio la somo kwa kawaida huwa na safu ya vitendo vya mwalimu na safu ya vitendo vya mwanafunzi. Ianze hiyo ya pili. Kwa kila hatua ya kipindi andika kitenzi kimoja kinachosema mwanafunzi atafanya nini kwa akili yake: kukumbuka, kufuata mfano, kulinganisha, kukokotoa, kukosoa, kutetea hoja, kuandika aya. Ukiona kitenzi "kusikiliza" kimejirudia hatua tatu mfululizo, hapo ndipo darasa litakapokuponyoka. Ukiona "kujadili" kimejirudia hivyo hivyo, ujue kasoro ni ileile kwa sura nyingine, kwa kuwa mjadala usiotanguliwa na ujuzi wowote huishia kwa wanafunzi kubadilishana dhana walizokuja nazo kutoka nyumbani.

Kushiriki ninakokusudia ni kufikiri juu ya kiini cha somo. Darasa linaloshangilia mashindano ya makundi linaweza kuwa halifikirii chochote zaidi ya pointi, na darasa lililo kimya kabisa, kila mtu akiandika, linaweza kuwa katika kilele cha ushiriki. Mwalimu anayechukua kelele au furaha kuwa ndicho kipimo chake atajikuta akichagua mbinu za kuchangamsha na kuziacha zile za kufundisha, na baada ya muhula mmoja atashangaa kuona wanafunzi wanalipenda somo lakini hawaliwezi.

Jambo jipya lielezwe waziwazi

Katika miaka ya karibuni mhadhara umesemwa vibaya mno, hata walimu wengine huona haya kusimama mbele na kueleza. Haya hiyo haina msingi. Akili ya binadamu inaweza kushika mambo mapya machache sana kwa wakati mmoja. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, katika mapitio yake ya mwaka 2001, alikadiria kuwa ni kama mambo manne. Mwanafunzi asiyejua chochote kuhusu mada, akipewa tatizo alitatue mwenyewe kwa kugunduagundua, hutumia nafasi hiyo finyu yote katika kuhangaika kutafuta njia, na akibahatika kufika kwenye jibu huwa hana tena nafasi ya kutazama alivyofika. Mwanasaikolojia wa elimu John Sweller alionyesha jambo hili katika kazi zake za miaka ya 1980, na mwaka 2006 yeye pamoja na Paul Kirschner na Richard Clark walitoa hoja kali kwamba kufundisha kwa mwongozo mdogo kunawaumiza hasa wale wanaoanza.

Kwa hiyo mada ikiwa ngeni, anza na maelezo na mifano iliyofanywa hatua kwa hatua. Chukua ujumlishaji wa sehemu. Kabla ya kuwaweka wanafunzi katika vikundi "wagundue" namna ya kujumlisha 1/2 na 1/3, fanya mfano huo ubaoni, ukisema kwa sauti unachokifikiria: kwa nini huwezi kujumlisha moja kwa moja, kwa nini unatafuta kigawe kidogo cha shirika, kwa nini 1/2 inakuwa 3/6 na 1/3 inakuwa 2/6, hadi kufikia 5/6. Halafu fanya mfano wa pili na uwaachie wao hatua ya mwisho. Katika mfano wa tatu waachie hatua mbili za mwisho. Wa nne waufanye wote peke yao. Kupunguza msaada kwa namna hiyo tayari ni kubadili mbinu, ingawa aliyechungulia dirishani anaweza kudhani kipindi kizima kilikuwa cha "chaki na mazungumzo".

Hata hivyo kanuni hii ina kikomo chake, na kikomo hicho ndicho kinachoamua mizani. Mwanafunzi akishazoea mada, maelezo yaleyale yaliyomsaidia mwanzoni huanza kumchosha na hata kumzuia, kwa sababu yanamlazimisha kufuata njia ambayo tayari anaijua. Hapo anahitaji matatizo magumu zaidi, mjadala, kazi ya kubuni, uchunguzi. Ndiyo maana haifai kuuliza mhadhara uchukue asilimia ngapi ya kila kipindi. Itazame mada nzima, labda vipindi sita au vinane, na upange mwalimu awe mbele zaidi katika vipindi vya mwanzo na arudi nyuma kadiri siku zinavyokwenda. Katika kipindi cha kwanza unaweza kueleza nusu ya muda bila kosa lolote. Katika kipindi cha saba, ukieleza nusu ya muda, kuna kitu ambacho wanafunzi walipaswa kuwa wanakifanya wao na wewe unakifanya kwa niaba yao.

Maswali ndiyo kiungo cha mbinu zote

Kama ningeambiwa nimshauri mwalimu abadili jambo moja tu, ningemshauri abadili namna anavyouliza maswali, kwa kuwa swali ndilo linalougeuza mhadhara kuwa ufundishaji shirikishi bila kuhitaji zana wala kusogeza dawati.

Mwanzo wa yote ni kunyamaza. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza kanda za sauti za masomo ya sayansi na kugundua kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walisubiri kwa wastani sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwanafunzi mwingine, kulirudia swali au kulijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, na majibu ya "sijui" yakapungua. Rowe alisisitiza pia ukimya wa pili, ule unaokuja baada ya mwanafunzi kujibu. Mwalimu asipokimbilia kusema "vizuri sana", mwanafunzi mara nyingi huendelea na kutoa sababu, na mwenzake huongeza au kupinga. Sekunde tatu ni ndefu kuliko zinavyosikika zikisomwa. Zihesabu kimoyomoyo mpaka uzizoee.

Jambo la pili ni kutafuta njia ya kila mtu kujibu. Ukiuliza swali na kuchagua kutoka katika mikono iliyoinuliwa, unafundisha wanafunzi watano na wengine wanatazama. Mpangilio wa fikiri, jadili na mwenzako, shirikisha darasa, uliopendekezwa na Frank Lyman mwaka 1981, unaondoa tatizo hilo kwa hatua chache: kila mtu afikiri peke yake kwa nusu dakika, ikiwezekana aandike, wawili wawili waambiane, kisha mwalimu awataje wachache bila kungoja mikono. Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ikirukwa mpangilio wote huharibika, kwa sababu katika kila jozi mwenye kasi husema na mwenye kufikiri polepole hukubali. Mlinde huyu wa pili kwa kuwataka wote wawe na neno moja daftarini kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa.

Njia nyingine ambayo nina imani nayo kubwa ni kura, mjadala, kura. Eric Mazur alianza kuitumia katika darasa lake la fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya vidole. Mwalimu anauliza swali moja la kuchagua jibu, lililotungwa ili lichokoe dhana potofu. Kwa mfano, katika mada ya usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga: sehemu kubwa ya uzito wa mti uliokaushwa imetoka wapi, katika udongo, katika maji, katika hewa au katika mwanga? Kila mwanafunzi anafikiri kimya, kisha kwa ishara moja wote wanaonyesha kidole kimoja, viwili, vitatu au vinne mbele ya kifua, ili wasiigane. Waliopata wakiwa wachache mno, rudi kwenye maelezo, kwa kuwa mjadala hautakuwa na cha kujengea. Karibu wote wakiwa wamepata, thibitisha na usonge mbele. Lakini wakiwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili, nyamaza, usiseme jibu, waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti na ajaribu kumshawishi. Baada ya dakika mbili wapige kura tena. Utaona majibu yakisogea kuelekea jibu sahihi, na utakaposimama kueleza, darasa zima litakuwa na hamu ya kujua nani alikuwa na haki.

Hapo sasa maelezo ya mwalimu yanapokelewa kwa namna nyingine kabisa. Waeleze jaribio la mwanasayansi wa kale Jan Baptist van Helmont, lililochapishwa mwaka 1648, ambamo mche wa mwerebi uliokuwa na uzito wa kilo 2 hivi ulipandwa katika udongo uliopimwa, ukamwagiliwa kwa miaka 5, ukafikia zaidi ya kilo 70, huku udongo ukipungua chini ya gramu 100. Yeye mwenyewe alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Waulize wanafunzi kwa nini hitimisho hilo lilikuwa la busara kwa mtu asiyejua kwamba mimea hutumia kabonidioksidi, kisha eleza nafasi ya hewa hiyo. Simulizi hilo lingetolewa mwanzoni mwa kipindi lingekuwa kisa cha kufurahisha. Likitolewa baada ya kura ya pili linakuwa ushahidi katika ubishi ambao wao wenyewe wamo ndani yake.

Kazi ya vikundi: pale inapofaa na pale isipofaa

Kikundi si mahali pa kupumzikia kutoka katika somo. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1913, aliwapima watu wakivuta kamba na kuona kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, nguvu aliyoitoa kila mmoja ilipungua. Darasani jambo hilo hutokea kila siku: kikundi cha watu wanane, karatasi moja, kalamu moja, mwandishi mmoja, msemaji mmoja, na sita waliobaki wanazungumza mambo yao. Wanafunzi hao hawana kosa. Kazi iliyopangwa hivyo haikuwa na nafasi yao.

Kabla ya kuamua kutumia vikundi, jiulize swali moja: je, kazi hii inafanyika vizuri zaidi kwa vichwa vingi? Kukokotoa maswali kumi yanayofanana hakuhitaji kikundi. Kunahitaji utulivu na mtu wa kulinganisha naye majibu mwishoni. Kukumbuka tarehe hakuhitaji kikundi. Lakini kulinganisha sababu za vita na kuamua ipi ilikuwa na uzito zaidi, kutafuta kasoro katika insha mbili na kukubaliana ipi irekebishwe kwanza, kupanga jaribio, kutoa tafsiri mbili za shairi na kuzitetea, hizo ni kazi ambazo mtu mmoja peke yake huzifanya kwa upungufu, kwa sababu zinahitaji kukutana na rai isiyo yake.

Ukishaamua, panga kikundi kiwe kidogo. Watu watatu au wanne wanatosha, na katika darasa lenye msongamano wawili wawili hufaa zaidi kwa sababu hakuna anayehitaji kuhama. Kazi iwe na zao moja linaloonekana: uamuzi na sababu zake mbili, mchoro, jedwali, sentensi tatu. Agizo la "jadilini mada hii" halina mwisho, na kazi isiyo na mwisho huanza kuchelewa. Andika maagizo ubaoni, usiyaseme tu, kisha mwombe mwanafunzi mmoja ayaeleze kwa maneno yake kabla hawajaanza, kwa kuwa nusu ya fujo za vikundi hutokana na watu kuulizana "tumeambiwa tufanye nini?" Toa muda mfupi kidogo kuliko unaodhani unahitajika, kuongeza dakika mbili ni rahisi kuliko kuwarudisha waliokwisha kumaliza na kuanza mengine.

Muhimu kuliko yote, kila mmoja awe na wajibu usioweza kubebwa na mwingine. Unaweza kusema mapema kwamba baada ya kazi utamtaja yeyote katika kikundi aeleze, bila kujali nani aliandika, hivyo kikundi kitaona faida ya kuhakikisha kila mwanachama wake ameelewa. Njia iliyo imara zaidi ni ile ya vipande, aliyoibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971, wakati shule zilizokuwa zimetenganisha wanafunzi kwa rangi zilipounganishwa na uhasama ukazuka madarasani. Mada hugawanywa katika vipande, tuseme vinne. Kila mwanafunzi katika kikundi hupewa kipande kimoja. Wote wenye kipande kinachofanana hukutana kwanza na kukichambua pamoja. Kisha kila mmoja hurudi kwenye kikundi chake kuwafundisha wenzake. Hakuna anayeweza kuijua mada nzima bila kuwasikiliza wengine watatu, na kwa hiyo yule aliyezoea kudharauliwa anakuwa mtu wa lazima. Mbinu hii hula muda, pengine kipindi kizima, nami ningeitumia mara chache kwa muhula kwa mada zinazogawanyika zenyewe, kama mifumo ya mwili au vyanzo vya nishati. Mada ambayo sehemu yake ya tatu haieleweki bila ya pili haifai kukatwakatwa hivyo.

Wakati wa vikundi mwalimu azunguke, lakini asiingilie mara tu anapofika. Simama, sikiliza kwa muda, kumbuka makosa mawili au matatu yanayojirudia, kisha uyatumie katika majumuisho. Si lazima kila kikundi kiwasilishe. Mawasilisho sita yanayorudia jambo lilelile ndiyo dakika ambazo darasa hulala zaidi, hata kuliko katika mhadhara mrefu. Kikundi cha kwanza kiwasilishe, cha pili kiongeze au kipinge tu, na vinavyobaki vipewe nafasi ikiwa vina jambo jipya.

Ukimya una nafasi yake

Kati ya mbinu zote, kazi ya mtu mmoja mmoja kwa utulivu ndiyo inayosahauliwa haraka pale mwalimu anapotaka somo liwe "changamfu". Mwanafunzi hajui kama ameelewa mpaka alipobaki peke yake na karatasi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu cha habari na kukirudia kusoma, na wale waliokisoma kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka waliwapita kwa mbali. Mwalimu anayepima mafanikio ya kipindi kwa majibu ya dakika tano za mwisho anaweza basi kudanganyika kirahisi.

Anza kipindi kwa maswali manne ya kujibu kimya daftarini, vitabu vikiwa vimefungwa: mawili ya kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Usiyatolee alama. Watazame wenyewe majibu yao na wayasahihishe. Dakika tano hizo hutuliza darasa linapoingia, hurudisha ujuzi wa jana mahali unapohitajika leo, na humpa mwalimu habari ya nani amebaki nyuma kabla hajapiga hatua nyingine.

Kipindi kimoja kilivyoweza kupangwa

Chukua kipindi cha dakika 40 cha usanisinuru, wanafunzi wakiwa wamekwisha kujifunza sehemu za jani. Dakika 5 za kwanza ni za maswali ya kukumbuka, kimya. Dakika 8 zinazofuata mwalimu anaeleza mahitaji na mazao ya usanisinuru kwa mchoro mmoja anaouchora ubaoni huku akieleza, badala ya mchoro uliokamilika unaotundikwa wote kwa mara moja na kuwafanya wanafunzi wasijue watazame wapi. Kisha linakuja swali la uzito wa mti, kura, mjadala wa jirani kwa jirani na kura ya pili, jumla dakika 7. Dakika 6 ni za kisa cha van Helmont na ufafanuzi. Dakika 10 wanafunzi watatu watatu wanapewa matokeo ya jaribio la jani lililofunikwa sehemu yake kwa karatasi nyeusi, waeleze kwa sentensi tatu kwa nini sehemu iliyofunikwa haikubadilika rangi ilipotiwa iodini, dawa inayoonyesha palipo na wanga. Dakika 4 zilizobaki kila mwanafunzi anajibu peke yake swali moja katika kipande cha karatasi na kukiacha kwa mwalimu anapotoka.

Ukijumlisha hizo dakika zinafikia 40 kamili, na hilo lenyewe ni onyo: kipindi halisi hakiendi hivyo, kwa kuwa kuhama kutoka shughuli moja kwenda nyingine kunakula muda. Kama unajua darasa lako huchukua dakika mbili kutulia, ondoa shughuli moja. Ningeondoa kazi ya watatu watatu na kuihamishia kipindi kinachofuata kuliko kugusa maswali ya mwanzo au karatasi ya mwisho, kwa kuwa hizo mbili ndizo zinazoniambia nilipo.

Mtu anaweza kuuliza kama kuna urefu maalumu wa muda ambao mwanafunzi anaweza kusikiliza. Husemwa mara nyingi kwamba ni dakika 10 hadi 15. Karen Wilson na James Korn walipofuatilia chanzo cha dai hilo mwaka 2007 walikuta ushahidi wake ni dhaifu. Usikivu hutegemea mwalimu, mada na kile mwanafunzi anachojua tayari. Acha kuangalia saa, angalia macho na daftari: wanapoacha kuandika, wanapojibu kwa kukisia, wanapotazamana, kazi ya akili imekwisha au imekuwa nzito mno, na kila hali kati ya hizo ina dawa yake. Ikiwa imekuwa nzito, rudi kwenye mfano rahisi zaidi. Ikiwa imekwisha, wape jambo la kufanya.

Mambo mawili yanayopotosha mizani

La kwanza ni imani kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza, huyu wa kuona, yule wa kusikia, mwingine wa kutenda, na kwamba mwalimu achanganye mbinu ili kumfikia kila mmoja kwa mtindo wake. Harold Pashler na wenzake walipopitia tafiti mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuunga mkono ufundishaji wa namna hiyo. Picha hutumika kwa sababu ramani haielezeki kwa maneno, na kusikiliza hutumika kwa sababu matamshi hayaonekani kwenye mchoro. Mada ndiyo inayodai mbinu, na inadai kwa wanafunzi wote.

La pili ni maoni ya wanafunzi wenyewe. Utafiti ulioongozwa na Louis Deslauriers katika Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa walifanya vizuri zaidi katika mtihani kuliko waliosikiliza mhadhara uliotolewa kwa ufasaha, lakini walihisi wamejifunza kidogo zaidi. Kuhangaika kwao na maswali kuliwafanya wajione hawajui, ilhali mhadhara laini uliwapa wenzao hisia ya kuelewa. Hii haimaanishi mwalimu awapuuze. Awaambie mapema, kwa uwazi, kwa nini anawauliza badala ya kuwaambia, na awaonyeshe majibu yao ya mwanzo wa mada yakilinganishwa na ya mwisho. Unaweza pia kuwapa ushahidi mpana zaidi: Scott Freeman na wenzake walichanganua tafiti 225 za masomo ya sayansi na hisabati vyuoni mwaka 2014, wakakuta kwamba katika madarasa ya mhadhara mtupu uwezekano wa kufeli ulikuwa mara 1.5 ya ule wa madarasa ya kushirikishwa.

Pa kuanzia

Mwalimu aliyezoea mhadhara asibadilishe kila kitu kwa wiki moja. Kila mbinu ina utaratibu wake ambao darasa linapaswa kuuzoea, na mbinu tano mpya kwa mara moja maana yake ni taratibu tano ambazo hakuna anayezijua. Anza na maswali ya kimya ya mwanzo wa kipindi mpaka yawe mazoea, kiasi kwamba wanafunzi wanafungua daftari bila kuambiwa. Ongeza kazi ya wawili wawili, ukikubaliana nao ishara moja ya kunyamaza, mkono ulioinuliwa au kugonga meza mara mbili, na uitumie hiyo tu bila kupaza sauti juu ya sauti zao. Ishara ikishaheshimiwa, kura na vikundi vya watatu vitawezekana, na muda wa kuhama kutoka shughuli moja kwenda nyingine utakuwa umepungua wenyewe.

Katika darasa kubwa sana, ambako kusahihisha karatasi zote za mwisho wa kipindi hakuwezekani, zichambue kwa macho tu katika mafungu matatu: waliopata, waliokaribia, waliopotea. Huhitaji kuandika alama yoyote juu yake. Fungu la tatu likiwa kubwa, kipindi kijacho kianze na mfano mwingine uliofanywa ubaoni hatua kwa hatua. La kati likiwa kubwa, chagua majibu mawili kutoka humo bila kutaja majina, yaandike ubaoni, na uwaulize wanafunzi wawili wawili nini kimekosekana. La kwanza likiwa kubwa, ondoa maelezo uliyokuwa umeyaandaa na uanze moja kwa moja na tatizo gumu.